Freni ya mukono haishike? Anza kuangalia ponti ya nyuma

Wengi wetu tukimaliza masomo tunatafuta gari ya okazioni, Hilux ao Hiace, tunaiingiza mu kazi ya taxi ao ya kubeba mizigo. Kisha siku moja gari inaanza kurudi nyuma pole pole mu mulima, na freni ya mukono imevutwa mpaka mwisho. Shofere anatia jiwe nyuma ya pine. Fundi anakaza kable. Siku mbili tatu iko muzuri, halafu inarudilia. Pale Bukavu, penye barabara nyingi ni mulima, hiyo si mambo ya kucheka, juu nyuma ya gari kunapita watoto na ba mama wenye mabeseni ku kichwa.

Mu gari zenye tamburi nyuma, freni ya mukono haitumike na mafuta. Kable inavuta garnitire mbili, zinabana tamburi kutoka ndani. Nguvu yote inatoka mu kukwaruzana. Sasa kama garnitire zimelowa mafuta, unaweza kukaza kable mpaka ikatike, gari itateleza tu. Kwa hiyo ulizo la kwanza si kable. Ni hili: mule ndani ya tamburi, ni pakavu?

Lala chini, angalia upande wa ndani wa pine za nyuma. Ukikuta alama ya kulowa, gusa na kidole, kisha nusa. Mafuta ya ponti ni mazito, yanavutika, na harufu yake ni ya kiberiti, karibu yai lililooza. Mafuta ya freni ni mepesi kama maji, na hata chupa yake kule mbele itakuwa imeshuka. Ya kwanza inapita ku jwenti ya ekseli, ile duara ya mpira inayozuia mafuta ya ponti yasifike ku pine. Ya pili inapita ku silinda ndogo ya freni ndani ya tamburi. Kama ni hii ya pili, gari isitoke garaji, juu hata freni ya muguu iko mu hatari.

Mafundi wengi wanakosea kwa jwenti. Wanatia mupya, mwezi moja inavuja tena, wanasema pièce ni ya uongo. Pengine ni kweli. Lakini juu ya ponti kuko kavalvu kadogo ka kupumulia. Njia zetu ni matope, kanaziba. Ponti ikipata moto, hewa ya ndani inapanuka, inakosa pa kutokea, inasukuma mafuta kupitia jwenti. Kukasafisha ni kazi ya dakika chache! Angalia pia kama ruluma ya ekseli inacheza: ekseli ikitikisika, jwenti yoyote itakufa. Na mafuta ya ponti yasipite mudomo wa tundu la kujazia. (Fungua tundu hilo kwanza, mbele ya kumwaga ya zamani. Likikataa kufunguka kisha umekwisha kumwaga, utalala garaji.) Mafuta yakitoka na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yaliingia.

Garnitire zilizolowa mafuta ya ponti, usikubali wazioshe na petroli na kuzirudisha. Zimekunywa, zikipata moto zinatapika tena. Badilisha za pine zote mbili, ya kushoto na ya kuume.

Sasa ndio zamu ya kable. Zuia pine za mbele, inua nyuma na kriki, tia vishikio imara chini ya ponti. Fundi arekebishe garnitire kwanza, kable nyuma. Vuta mukono alama moja moja huku mwenzako anazungusha pine: zote mbili zishike pamoja. Moja ikizunguka bado, kable ya upande ule imekwama ao kuko mafuta tena. Achilia mukono: pine zizunguke bila kukwaruza. Kisha mupeleke gari ku mulima, fundi akiwa ndani, mbele hujalipa.