Kwenda Kericho kwa Gari la Moshi

Aghalabu ya chai tunywayo hapa pwani, ile ya tangawizi na iliki, majani yake yatoka bara, Kericho na Bomet, na tangu 1969 mnada wake hufanyika papa hapa Mombasa. Majani yashuka kila siku. Sisi kupanda kwenda kuyaona yanakoota ni nadra. Ukimwuliza mtu, atakwambia ni mbali, tena ni ghali. Umbali siubishi. Ughali ndio nitakaousemea, kwani nimepewa kazi ya kupanga safari ya nyumba nzima.

Binti ya dada yangu anasomesha Litein, baina ya Kericho na Bomet, naye amejifungua mtoto wa kwanza. Dada ameapa hapandi basi, miguu humvimba. Kwake yeye ni gari la moshi ama hatoki, na asipotoka, arubaini ya mjukuu itapita bila ya bibi.

Zamani hesabu ingekuwa nyepesi. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ilifika Kisumu 1901, ikipita kaskazini ya nchi ya chai. Mji wa Kericho wenyewe haukupata reli; stesheni yake ilikuwa Lumbwa, ambayo siku hizi yaitwa Kipkelion. Katika daraja la pili wanawake walikuwa na vyumba vyao na wanaume vyao, mtu akalala na stara yake. Reli mpya ina mbio na safi, lakini daraja la chini ni viti vya kutazamana, goti kwa goti na usiyemjua. Katika hilo nasema tumerudi nyuma.

Ilipoanza kuchukua abiria, Juni 2017, nauli ya Mombasa hadi Nairobi kwa daraja la chini ilikuwa shilingi 700. Ikapanda hadi 1,000, na Januari 2024 ikawa 1,500. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipi, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Sisi tu wakubwa watatu na watoto wawili: mwaka ule wa kwanza tungelipa 2,800, na kwa nauli ya 2024 ni 6,000. Daraja la kwanza ni 4,500 kwa mtu mzima mmoja, yaani bei ya watu watatu wa daraja la chini. Sioni sababu, ila kwa mgonjwa.

Tikiti huagizwa kwa simu, *639#, ukataja nambari ya kitambulisho na kulipa kwa M-Pesa. Fanya mapema. Karibu na Idi na shule zifungapo viti huisha, na hapo ndipo hutokea vijana wa kukuuzia pembeni. Usinunue kwao, kwani tikiti ina jina na kitambulisho cha mtu mwingine.

Jambo jingine ni mbwa. Stesheni ya Miritini mizigo hupangwa chini, mbwa wa polisi wakapita wakiinusa. Chakula, kanzu na msala vifunge vizuri ndani ya begi; pua ya mbwa ikigusa, imegusa begi.

Nimechagua gari la asubuhi. La alasiri hukukuta na Magharibi njiani, na behewani hakuna nafasi ya kusujudu. Itakubidi uikusanye na Isha baada ya kufika. La asubuhi lafika mchana, ukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, umetulia.

Kutoka Nairobi pana njia mbili. Treni ya reli ya zamani ya Kisumu ilirudi kuchukua abiria Desemba 2021, ikiondoka Ijumaa jioni na kupita Kipkelion usiku wa manane. Lakini hata ukihakikisha kwamba inakwenda wiki hiyo, nani atamteremsha mama wa miaka sitini gizani, katika baridi ile? Njia ya pili ni barabara, na hapo matatu haliepukiki: ama kwa Nakuru na Mau Summit, ama kwa Narok, Bomet na Kaplong. Ya Narok yafaa kwa anayekwenda Litein, maana hufika Litein kabla ya Kericho. Chukueni sweta, hata mwezi wa kwanza. Kericho ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua yake ya alasiri haiombi ruhusa.

Ramani ya kuendeleza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu imechorwa kupita Narok na Bomet. Nilimwonyesha dada. Akaniuliza kama mtoto atamngoja. Tikiti tano ninazo, za Jumatano ijayo, na hilo tone la matatu bado sijamwambia.