Macho mazima, kuona hakuna

Mtu akisema haoni, sote tunamtazama machoni. Tunatafuta mtoto wa jicho, tunatafuta wekundu au kidonda. Tukikuta macho maangavu, minong'ono inaanza: anajisingizia huyo, au amechezewa. Juma hili nazungumzia watu ambao macho yao ni mazima kabisa na bado hawaoni, kwa sababu hitilafu iko ndani ya kichwa.

Jicho hupokea mwanga tu. Mishipa ya fahamu ndiyo inayosafirisha habari hiyo mpaka kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kuona. Ubongo wa kushoto hupokea yaliyo mkono wa kulia, na wa kulia hupokea yaliyo mkono wa kushoto. Kwa hiyo anayeumia kisogo upande mmoja hapofuki jicho moja, bali hupoteza nusu ya kuona kwa macho yote mawili. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alilichunguza jambo hili kwa askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905. Walikuwapo waliotobolewa fuvu wakabaki hai, naye akalinganisha tundu la risasi na sehemu ambayo askari haioni.

Siku hizi kwa watu wazima kinachoongoza ni kiharusi, na nyuma ya kiharusi mara nyingi ipo presha isiyotibiwa. Zipo pia ajali, pikipiki zikiwamo, na uvimbe kichwani.

Pale Kaole, kijiji ambacho wageni hukifuata kwa ajili ya magofu ya msikiti na makaburi ya kale, namfahamu mzee mmoja, mvuvi. Aliamka asubuhi moja akawa anajigonga bega la kulia mlangoni. Akiamkiwa kutoka upande huo haitikii, watu wakasema mzee siku hizi ana kiburi. Mwenyewe akasema jicho la kulia limekufa, akanunua miwani kwa mchuuzi, wapi! Mdomo haukupinda, mkono na mguu vilikuwa na nguvu zake, ndiyo maana hakuna aliyewaza kiharusi. Hapo ndipo penye hatari, ndugu msikilizaji. Kiharusi cha kisogoni chaweza kuchukua nusu ya kuona na kuviacha viungo vyote vizima. Wiki tatu zikapita hivi hivi, na kiharusi ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Daktari aliyemgundua alianza kwa vidole vyake tu. Walikaa wakitazamana, mzee akaziba jicho moja, daktari akawa anainua vidole pembeni na kumwuliza ni vingapi. Kisha jicho la pili. Kila jicho lilikosa upande ule ule wa kulia. Kosa la jicho haliwi hivyo. Akamulika kurunzi, mboni zikasinyaa kama kawaida, kwa sababu njia ya mwanga kwenda kwenye mboni ni fupi, haifiki kisogoni. Presha ilikuwa juu mno. Ndipo akapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya ubongo, na jeraha likaonekana.

Kwa watoto visababishi ni vingine. Yupo aliyechelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Yupo aliyepata homa ya uti wa mgongo. Na ipo malaria ya ubongo, ambayo hapa pwani tunaijua kwa degedege lake. Mwaka 1996 watafiti walichapisha uchunguzi wao juu ya degedege katika Wilaya ya Bagamoyo. Kwa wazazi wengi degedege lilikuwa maradhi ya peke yake, yaletwayo na shetani, ya mganga. Malaria ilikuwa kitu kingine, cha hospitali. Mimi ni mtu wa pwani na wazee wetu siwadharau, lakini mtoto akifukizwa chumbani, damu yenye vimelea inaziba vijishipa vya ubongo, na mganga hana sindano ya atesuneti.

Mtoto huyo akizinduka anaweza kuwa haoni. Wengi hurudiwa na kuona baada ya wiki au miezi, si wote. Mama ataona kwamba mwanawe hamtazami usoni lakini anageukia dirisha lenye mwanga. Kijiko kilichotulia hakioni, kikitikiswa anakifuata. Asubuhi anaona, jioni akichoka haoni. Watu huita ukaidi. Mweleze daktari yote hayo, pamoja na jinsi mtoto alivyozaliwa na homa alizougua, na macho yenyewe yapimwe pia, maana huyo huyo aweza kuhitaji na miwani. Nyumbani mpe kitu kimoja kimoja, chenye rangi kali, nyekundu au njano, juu ya shuka jeusi. Kanga, kwa mapambo na maandishi yake, inamchanganya.