Mchungwa Ukitoa Ulimbo

Masika yalipokwisha, hapa kwetu Muheza, niliona matone yameganda kama asali kwenye shina la mchungwa aliotuachia marehemu baba. Ulimbo. Nikachokonoa gome kwa ncha ya kisu: ndani kahawia, kumelowa, kunanuka uvundo.

Chanzo ni mimi. Kila palizi nilivuta udongo na samadi hadi shinani, nikidhani naulisha mti. Kumbe kimelea cha donda hili huishi udongoni, na mbegu zake huogelea majini. Gome likifukiwa na unyevu, au tope likirukia jeraha la jembe, kimeshaingia. Chakula cha majani hushuka mizizini kupitia gome. Donda likizunguka shina lote, mizizi hufa njaa.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kuutibu mti. Tulifukua mpaka mizizi mikubwa ikatokeza, tukakwangua gome bovu hadi kwenye gome zima la kijani, na upana wa kidole zaidi. Mabaki tukayachoma. Kidonda kilipokauka, tukachanganya dawa: mrututu (chumvi ya shaba) gramu 100 katika nusu lita ya maji, chokaa gramu 100 katika nusu lita nyingine. Ndoo iwe ya plastiki, maana mrututu hula chuma, na mikono ivae glavu. Maji ya mrututu ndiyo humiminwa kwenye chokaa, polepole. Mjomba akachovya msumari mpya. Ungetoka na wekundu wa shaba, tungeongeza chokaa, kwani mrututu mkali huunguza mti. Ulitoka safi, tukapaka ule uji wa samawati. Dawa hii ilitoka kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ambako mtaalamu wa mimea Millardet aliitangaza mwaka 1885.

Kwa anayepanda upya, tazama kiungo cha kubebeshea: kikae juu ya ardhi shubiri moja au zaidi, tope lisikifikie. Mche wenye kiungo cha chini mimi siuchukui hata nikipewa bure. Wapo wanaosifia shina la mdanzi, na kweli hustahimili donda hili, ila mchungwa uliobebeshwa juu yake huuawa na virusi vya tristeza vinavyoenezwa na vidukari. Mimi sithubutu.

Msimu huu kingo za kidonda zimevimba gome jipya, laini kama mdomo wa chungu. Majani ya shinani nayang'oa kwa mkono. Jembe linaishia mbali.