Sala ya Kutia Sahihi: Jimbo la South Carolina, Utumwa na Kanisa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Utangulizi

Jioni ya tarehe 20 Desemba 1860, wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo la South Carolina walikusanyika katika Institute Hall mjini Charleston, mbele ya umati mkubwa, ili kutia sahihi hati ya kulitenga jimbo lao na Muungano wa Marekani. Mchana wa siku hiyo walikuwa wamepiga kura, na wote 169 walikubali pasipo hata mmoja kupinga. Kabla ya sahihi kuwekwa, mchungaji mzee mwenye mvi aliinua mikono yake akamwomba Mungu alibariki tendo hilo. Mchungaji huyo alikuwa John Bachman wa Usharika wa Mtakatifu Yohana, usharika wa Kilutheri.

Makala hii inakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, ni nafasi gani jimbo hilo moja lilikuwa nayo katika kuleta vita vya mwaka 1861 hadi 1865, ambavyo viliua watu zaidi ya 600,000. Pili, kanisa lilifikaje mahali pa kuitia baraka hati ile. Jambo la pili linatuhusu sisi wachungaji kwa namna ya pekee, kwa kuwa tunaalikwa mara kwa mara kufungua mikutano ya watu kwa sala, na mara nyingi tunadhani kwamba sala ya namna hiyo ni desturi tu isiyo na uzito.

1. Jimbo lililojengwa juu ya utumwa

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1860, South Carolina ilikuwa na wakazi 703,708. Kati yao 402,406 walikuwa watumwa, yaani zaidi ya nusu ya watu wote. Utajiri wa jimbo ulitokana na mpunga wa mabonde ya pwani na pamba ya visiwani na bara. Kilimo cha mpunga kilitegemea jasho la Waafrika na pia maarifa yao, kwani wengi walitoka sehemu za Afrika Magharibi ambako zao hilo lilikuwa limelimwa tangu zamani.

Mahali ambapo wanaotawaliwa kwa nguvu ni wengi kuliko wanaotawala, hofu hukaa mlangoni. Mwaka 1739 watumwa waliasi karibu na mto Stono. Mwaka 1822 Denmark Vesey, fundi seremala aliyekuwa amejinunulia uhuru wake, alishtakiwa mjini Charleston kwamba ameandaa maasi. Yeye na wenzake 34 walinyongwa. Vesey alikuwa mshiriki wa kanisa la Waafrika katika mji huo, na kanisa hilo likavunjwa. Mwaka 1834 sheria ya jimbo ilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Tuangalie vema sheria hii: watu waliojiita Wakristo wa Matengenezo, ambao msingi wao ni kwamba kila mwamini asome Neno, walikataza kwa sheria baadhi ya waliobatizwa wasilisome.

Katika siasa, jimbo hili lilitangulia majimbo mengine ya kusini. Mwaka 1832 lilitangaza kwamba sheria ya ushuru ya serikali kuu haina nguvu ndani ya mipaka yake, na mapatano ya mwaka 1833 ndiyo yaliyozuia mapambano. Kiongozi wa fikra hizo alikuwa John C. Calhoun. Mwaka 1837, akiwa katika Baraza la Seneti, Calhoun alisema kwamba utumwa ni jambo jema. Kizazi cha kabla yake kilikuwa kikiuombea radhi, kikisema kwamba ni uovu uliorithiwa ambao haujulikani jinsi ya kuuondoa. Tangu hapo waliotaka kuutetea hawakuhitaji tena kuona haya. Walihitaji wahubiri.

2. Sababu iliyotajwa na jimbo lenyewe

Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais tarehe 6 Novemba 1860. Hakuwa ameahidi kuufuta utumwa mahali ulipokuwepo. Chama chake kilipinga usienee katika maeneo mapya ya nchi. Hata hivyo hilo lilitosha. Mkutano wa jimbo ulianza mjini Columbia tarehe 17 Desemba, ndani ya kanisa la Wabaptisti, kisha ukahamia Charleston kwa sababu ya ndui iliyokuwa Columbia.

Wako wanaofundisha kwamba jimbo lilijitenga kwa ajili ya haki za majimbo au kwa ajili ya kodi. Jibu limo katika tamko ambalo mkutano wenyewe ulilipitisha tarehe 24 Desemba 1860 kueleza sababu zake. Tamko hilo linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, kwamba yanaruhusu vyama vya kupinga utumwa, na kwamba amechaguliwa rais aliye adui wa utumwa. Msomaji makini ataona kwamba hapa South Carolina inayashtaki majimbo mengine kwa kutumia haki zao yenyewe. Haki za jimbo zilitetewa pale zilipomlinda mwenye watumwa, na zikalaumiwa pale zilipomlinda mtumwa aliyekimbia.

3. Kutoka hati hadi mizinga

Kufikia tarehe 1 Februari 1861 majimbo mengine sita yalikuwa yameifuata South Carolina: Mississippi, Florida, Alabama, Georgia, Louisiana na Texas. Tarehe 9 Januari askari wa jimbo waliifyatulia mizinga meli Star of the West iliyokuwa ikipeleka msaada katika ngome ya Fort Sumter, iliyo kwenye mlango wa bandari ya Charleston. Tarehe 12 Aprili ngome yenyewe ilishambuliwa, na kesho yake ikasalimu amri. Lincoln aliita askari 75,000. Ndipo Virginia, Arkansas, North Carolina na Tennessee zikajiunga na waliojitenga, yakawa majimbo kumi na moja.

Yaliyofuata hayakuwa yale yaliyoombwa katika ile sala. Novemba 1861 majeshi ya Muungano yaliteka Port Royal, wenye mashamba wakakimbia, na watumwa wapatao 10,000 wakabaki visiwani, wakaanza kusoma na kujitegemea. Tarehe 13 Mei 1862 mtumwa Robert Smalls, aliyekuwa rubani wa meli Planter, aliiondoa meli hiyo bandarini Charleston usiku akiwa na jamaa yake na wenzake, akaikabidhi kwa jeshi la Muungano. Baadaye alikuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Waafrika wa jimbo hilo waliunda kikosi cha askari na kuupigania uhuru wao wenyewe. Tarehe 17 Februari 1865 sehemu kubwa ya mji wa Columbia iliteketea, na siku iliyofuata Charleston ikaanguka. Desemba mwaka huo utumwa ulifutwa katika Katiba.

4. Kanisa lilikuwa wapi?

Makanisa yaligawanyika kabla ya nchi kugawanyika. Wamethodisti walitengana mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, wote kwa ajili ya utumwa. Calhoun mwenyewe, katika hotuba yake ya Machi 1850, alionya kwamba makanisa ni miongoni mwa kamba zinazoushikilia Muungano, na kwamba kamba hizo zimeanza kukatika.

Mjini Columbia mwanatheolojia wa Kipresbiteri James Henley Thornwell alifundisha kwamba kanisa ni chombo cha kiroho, halina mamlaka ya kuuhukumu utumwa, kwa kuwa huo ni mpango wa dola. Walutheri walichelewa kutengana, lakini mwaka 1863 sinodi za kusini ziliunda Sinodi Kuu yao huko Concord, North Carolina. Kuungana tena kulikamilika mwaka 1918.

Bachman anatufundisha zaidi kwa sababu hakuwa mtu mjinga wala mkatili. Alizaliwa New York mwaka 1790, akafika Charleston mwaka 1815, akasaidia kujenga sinodi ya jimbo na seminari yake. Alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyejulikana hata ng'ambo. Mwaka 1850 aliandika kitabu akiwapinga wataalamu waliodai kwamba Mwafrika ni kiumbe wa asili nyingine. Alithibitisha kwa elimu na kwa Maandiko kwamba wanadamu wote ni jamii moja, sawasawa na Matendo 17:26. Aliwabatiza Waafrika na kuwapokea usharikani, ambako waliketi roshani. Lakini katika kitabu hichohicho aliwahesabu kuwa duni, na aliuona utumwa kuwa halali. Alikubali umoja wa wanadamu katika uumbaji na ubatizo, akakataa matokeo yake siku ya Jumatatu shambani.

Tumlinganishe na Daniel Alexander Payne, mtoto wa wazazi huru, aliyezaliwa Charleston mwaka 1811. Alifungua shule kwa ajili ya watu wake, na sheria ya 1834 ikaifunga. Bachman alimsaidia, naye akaenda kusoma katika seminari ya Kilutheri ya Gettysburg. Mwaka 1839 aliwekewa mikono na Sinodi ya Franckean ya New York, sinodi ndogo ya Kilutheri iliyopinga utumwa waziwazi. Mbele ya sinodi hiyo Payne alieleza kwamba utumwa humharibu mtu katika utu wake aliopewa na Mungu, wala hauuumizi mwili tu. Baadaye alikuwa askofu katika Kanisa la Kimethodisti la Waafrika, na mwaka 1865 alirudi Charleston, miaka thelathini baada ya kuondoka, kulipanda kanisa upya.

Hapa kuna jambo la kutuhuzunisha. Sinodi ya Franckean ilishutumiwa na Walutheri wengine kwa kutoshika Ungamo la Augsburg. Shutuma hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kati ya waliolishika Ungamo wengi hawakuona kwamba ununuzi wa watu ni jambo la kuungama.

5. Mafundisho ya falme mbili yalitumikaje vibaya?

Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa mikono miwili: kwa Injili katika kanisa, na kwa sheria katika dola. Kifungu cha 28 cha Ungamo la Augsburg kinakataza kuchanganya mamlaka hizo. Je, Wakristo wa South Carolina hawakufuata mafundisho hayo? Yafaa tutazame kwa utaratibu.

Kwanza, walitenganisha na kuchanganya kwa kadiri ya faida. Mtumwa alipolia, waliambiwa watu kwamba hilo ni jambo la serikali. Serikali ilipotaka kujitenga kwa ajili ya utumwa, madhabahu ilikuja ukumbini. Kanisa lisilo na neno kwa ajili ya mtumwa lilikuwa na sala kwa ajili ya bwana wake.

Pili, Warumi 13 ilisomwa kwa upande mmoja. Watumwa walihubiriwa utii miaka yote, na mabwana waliohubiri utii huo wakaiasi mamlaka iliyokuwa juu yao pale tu faida yao ilipoguswa.

Tatu, mwisho wa kifungu cha 16 ulisahauliwa. Kifungu hicho kinakubali kwamba mamlaka ni mpango mwema wa Mungu, kisha kinaweka mpaka: pale amri haiwezi kufuatwa pasipo dhambi, Mungu ndiye wa kutiiwa, kama mitume walivyosema katika Matendo 5:29. Luther naye, katika maandiko yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba raia akijua kuwa mtawala wake amekosea, asimfuate vitani.

Kwa hiyo kasoro haikuwa katika kutofautisha falme mbili. Kasoro ilikuwa kumwondoa Mungu katika ufalme mmoja na kumwita huko tena kama shahidi wa kukodiwa.

6. Deni lililobaki

Tarehe 17 Juni 2015, katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, ambalo chimbuko lake ni lile kanisa la siku za Vesey, watu tisa waliuawa wakiwa katika kipindi cha Biblia kwa sababu walikuwa weusi. Muuaji alikuwa kijana wa usharika wa Kilutheri wa Columbia. Mchungaji Clementa Pinckney, mmoja wa waliouawa, alikuwa amesoma katika seminari ya Kilutheri ya jimbo hilo, seminari ileile iliyoanza siku za Bachman. Aliyeua na aliyeuawa wote walikuwa wamepita katika nyumba yetu. Tarehe 10 Julai 2015 bendera ya waliojitenga iliteremshwa kutoka uwanja wa bunge la jimbo, na mwaka 2019 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani liliwaomba radhi rasmi watu wa asili ya Afrika.

Hitimisho

South Carolina ilitangulia kujitenga kwa sababu ilikuwa na utumwa mwingi wa kulinda, na kanisa lake lilikuwa limeizoeza dhamiri kwa miaka mingi. Sala ya 20 Desemba 1860 haikuanzisha vita, lakini iliwaondolea wajumbe swali ambalo mchungaji pekee angeweza kuwauliza.

Mtume anatuagiza katika 1 Timotheo 2 tuwaombee wenye mamlaka, nasi tusiache kufanya hivyo. Lakini kuwaombea si kuyatia muhuri wanayoyaamua. Mchungaji anapoalikwa kufungua mkutano kwa sala, na aulize kwanza: kinaamuliwa nini hapa, na ni nani atakayelipa gharama yake asiyekuwepo ukumbini? Charleston mwaka 1860 wasiokuwepo walikuwa watu 402,406. Wengi wao walikuwa wamebatizwa.