Windo la Kwanza Hugawiwa

Kijana wa Kiinuiti akiua sili wake wa kwanza, nyama si yake. Huwagawia wazee na majirani, na katika vijiji vingi fungu la mbele humwendea mama aliyempokea siku ya kuzaliwa kwake, yule aliyemkata kitovu. Mama huyo hushangilia, humsifu hadharani, na tangu hapo mtoto huhesabiwa miongoni mwa wanaolisha wenzao. Binti naye humpelekea mama yake wa kitovu kazi yake ya kwanza ya kushona.

Desturi hiyo ni nguzo ya afya ya akili, na nguzo hiyo ilitikiswa vibaya. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada walitolewa kwenye kambi zao za uwindaji wakawekwa katika makazi ya kudumu. Watoto walipelekwa shule za bweni na kukatazwa lugha yao, na mbwa wa kukokota sleji wakauawa kwa wingi. Kwa hayo, serikali ya Kanada iliwaomba radhi Wainuiti wa eneo la Qikiqtani mwaka 2019. Baba aliyepoteza mbwa alishindwa kwenda mawindoni, na mwanawe akakosa wa kumfuata. Vijana wakaanza kujiua, jambo lililokuwa nadra kwao, na leo viwango vyao ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Wataalamu wa afya ya akili wanahitajika, tena sana. Ila kijana anayejiona hana faida kwa yeyote ana kidonda ambacho vidonge peke yake havikifikii. Arviat, kijiji kilicho kando ya Ghuba ya Hudson, kimeanza na kidonda hicho. Tangu 2012, vijana huko hufundishwa kuwinda, kusoma barafu na kutambua hali ya hewa, na nyama wanayoipata huwafikia wazee.

Njia nyingine ni ya masimulizi. Mwaka 2016, ndugu wawili wa Kidene, jamii nyingine ya asili ya Kanada, Kelvin na Tunchai Redvers, walianzisha kampeni ya We Matter. Humo vijana wa jamii asilia hujirekodi kwa video wakisimulia giza walilopitia na kilichowavusha, ili mwenzao aliye kijiji cha mbali asidhani yuko peke yake.

Uwindaji wa leo ni ghali: pikipiki ya theluji, petroli, risasi. Wanaopanga bajeti ya afya ya akili kaskazini waviandike vitu hivyo humo humo, pamoja na mishahara ya washauri.