Utoro Shuleni: Sheria Inamwita Mzazi Kwanza (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi utoro unavyoanza: siku mojamoja, mara nyingi Jumatatu au siku ya gulio, kabla haujageuka kuwa mazoea. Leo tuingie kwenye sheria. Wazazi wengi huisikia kwa mara ya kwanza wanapoletewa barua ya wito kutoka kwa Mtendaji wa Kata, na wakati huo mtoto ameshapotea darasani kwa majuma kadhaa.

Sheria yenyewe ni ya siku nyingi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe darasani. Mpango huo, ambao hadi leo wazee wanauita UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ulijaza shule kwa kasi kuliko walimu na madawati yaliyokuwepo. Mwaka mmoja baada ya lengo hilo ikatungwa Sheria ya Elimu, Na. 25 ya 1978, na kifungu chake cha 35 ndicho kilichofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima.

Kifungu hicho kinasema mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 lazima aandikishwe. Akishaandikishwa, lazima ahudhurie bila kukatiza mpaka amalize elimu ya msingi, na mzazi ndiye anayepaswa kuhakikisha hilo linafanyika. Naomba tutulie kidogo hapa, maana ndipo watu wanapoelewa vibaya. Nimewasikia wazazi wakisema kijana wao ametimiza miaka 14, kwa hiyo sheria imeshamwachia. Sivyo. Umri wa miaka 13 unahusu kuandikishwa. Wajibu wa kuhudhuria unaendelea hadi mtoto amalize shule, hata kama alichelewa kuanza na sasa amewazidi wenzake kimo.

Ukomo huo unasogezwa mbele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mzazi mwenye mtoto wa madarasa ya chini asijipange kwa hesabu za zamani kwamba kazi yake inaisha Darasa la Saba.

Iko pia Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009. Katika kifungu cha 8, elimu na malezi vimewekwa pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Kwa maneno mengine, kumnyima mtoto shule kumehesabiwa sawa na kumnyima chakula. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo haikatazi mtoto kusaidia kazi. Aliyetimiza miaka 14 anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi, lakini wepesi wake una kipimo: isimdhuru afya wala isimzuie kwenda shule. Kuchota maji jioni hakuna tatizo. Kupeleka ng'ombe malishoni tangu asubuhi siku ya masomo, au kuzunguka stendi na beseni la karanga wakati wenzake wako darasani, hakuwezi kuitwa kazi nyepesi.

Kwa anayemkatisha masomo mtoto wa kike adhabu ni kali zaidi, na ni haki iwe hivyo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wanaosaidia kufanikisha ndoa hiyo, wakiwemo wazazi na wajomba wanaopokea mahari, nao wana adhabu yao: faini isiyopungua milioni 5, kifungo cha miaka 5, au vyote viwili.

Kabla mambo hayajafika huko zipo hatua nyingi. Mwalimu wa darasa huita rejista kila siku na kuweka alama. Jina likikosa alama ya kuwepo mara kwa mara, humwarifu Mwalimu Mkuu, naye humwandikia mzazi. Mzazi asipoitika, taarifa hupita kwa Kamati ya Shule, ikafika kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kisha kwa Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kata, na mwisho mahakamani. Mzazi anayekwenda shuleni mwenyewe kabla hajaandikiwa barua huwa amelimaliza jambo hili mahali pepesi kuliko pote.

Atajuaje kabla ya barua? Afungue daftari. Usimuulize mtoto kama alikwenda shule. Fungua daftari lake la hisabati usome tarehe zilizo juu ya kila kazi. Jumatatu ipo, Jumanne ipo, kisha tarehe inaruka hadi Alhamisi ya wiki inayofuata. Tazama kalamu nyekundu ya mwalimu: kurasa tatu zimesahihishwa, ya nne haikuguswa, maana siku madaftari yalipokusanywa mwenye daftari hakuwepo. Hata mzazi asiyejua kusoma sana anaweza kuona hilo. Angalia na begi. Fulana ya nyumbani iliyokunjwa chini ya vitabu inaonyesha kwamba sare inavuliwa njiani.

Ukigundua, tafuta chanzo kabla ya kutafuta fimbo. Nimekaa na watoto watoro kwa miaka mingi ya ualimu, na ninaamini chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni hiki: mtoto hajui kusoma. Amefika Darasa la Nne au la Tano, kila siku anakaa mbele ya ubao asioweza kuusoma, anaogopa kuitwa jina, anaogopa kuchekwa. Kijiweni au kwenye banda la video hakuna anayemwambia asome aya ya pili. Mtoto huyo hakimbii shule kwa sababu ya uvivu, anakimbia aibu. Ukimchapa nyumbani kwa kuwa hakwenda, akaenda akachapwa tena kwa kuwa hakuja jana, umemfundisha kwamba shule na nyumbani ni mahali pa kukimbia. Anachohitaji ni kurudishwa kwenye silabi, taratibu, pasipo kelele. Mpe kitabu cha darasa la chini asome kwa sauti mbele yako dakika chache tu. Utajua ukweli jioni hiyohiyo.

Vyanzo vingine ni vya kawaida zaidi: njaa ya mchana pale ambapo chakula cha shuleni hakipo, mwendo mrefu, binti kukosa taulo za kike na choo chenye mlango, mdogo wake kubaki bila mtu wa kumlea. Wapo pia wanaokosa shule kwa sababu ya michango, na hapo nisieleweke vibaya: Waraka wa Elimu bila Malipo wa 2016 umemwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa, lakini Serikali imekataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, mzazi ana haki ya kwenda kuuliza kwa adabu, na kumfikia Afisa Elimu Kata asiporidhika. Shule nayo iko chini ya sheria.

Unapokwenda shuleni, anza na mwalimu wa darasa. Omba kuona mahudhurio ya mtoto wako ya mwezi mzima, uliza anakosa zaidi siku gani na anakaa na nani, kisha kubalianeni namna ya kupeana taarifa: akikosekana hadi saa 3:00 asubuhi, mwalimu apige simu. Mwende na mtoto, asikie mkizungumza kwa sauti moja.

Na aliyekwisha kuacha? Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umefungua njia ya kuwarejesha waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua. Aliyepitwa na umri wa darasa la kawaida anaweza kupokewa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na kufanya mitihani kama wengine. Kwa wa sekondari vipo vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ofisi ya Afisa Elimu Kata inaweza kukuelekeza kituo kilicho karibu.

Juma lijalo: wanafunzi wa shule za kata wanaopanga vyumba mbali na wazazi, na nani anawajibika mahudhurio yao yanapoyumba.