Askari Aliyeumwa Baada ya Chanjo na Aseme

Ninyi mlio katika vikosi vya jeshi na vya polisi, leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila askari hulipitia, nalo ni sindano ya chanjo, na juu ya yale yanayoweza kumpata mtu baada ya sindano hiyo.

Tarehe 5 Machi 2021 kampeni ya taifa ya chanjo ya Korona ilianza hapa Rwanda. Siku mbili kabla yake ndege zilikuwa zimeshusha Kigali dozi 240,000 za AstraZeneca na dozi zaidi ya 102,000 za Pfizer, zilizotoka katika mpango wa kimataifa wa COVAX. Kabla wiki haijakwisha, yaani tarehe 11 Machi, Denmark ilitangaza kwamba imesimamisha chanjo ya AstraZeneca, kwa sababu baadhi ya watu waliochanjwa walipatwa na ugonjwa wa kuganda kwa damu. Tarehe 15 Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata.

Ni rahisi kufahamu swali lililozuka kila mahali watu walipopanga foleni: kama wenyewe Wazungu wameisimamisha kwao, kwa nini sisi tuchomwe? Swali hilo halikuwa la kipumbavu, wala aliyeliuliza hakuwa mwoga. Kosa lilikuwa kwa wale waliolijibu kwa kumwambia mwenzao anyamaze. Nalo linaulizwa hata leo, kwa kuwa mwaka 2024 kampuni ya AstraZeneca iliiondoa chanjo hiyo sokoni, ikieleza kwamba chanjo mpya zimekuwa nyingi na wanunuzi wamepungua. Wapo wanaosema, “Tuliwaambia.” Basi yafaa tueleze mambo yalivyokwenda.

Nchini Uingereza uko utaratibu uitwao Kadi ya Njano, ulioanzishwa mwaka 1964 baada ya dawa ya thalidomide kuwalemaza watoto maelfu wakiwa bado matumboni mwa mama zao. Kwa kadi hiyo daktari, na siku hizi hata mgonjwa mwenyewe, huandika kwamba baada ya kutumia dawa fulani amepatwa na jambo fulani. Hatakiwi kuthibitisha lolote. Anatakiwa kusema tu. Taarifa za namna hiyo zilipokusanywa, ilionekana kufikia mwisho wa Machi 2021 kwamba, katika dozi za AstraZeneca zipatazo milioni 20 zilizokwisha kutolewa Uingereza, watu 79 walikuwa wamepatwa na kuganda kwa damu kwa namna isiyo ya kawaida, pamoja na upungufu wa zile chembe zinazosaidia damu kuganda, na 19 kati yao walikuwa wamekufa. Hao ni watu wapatao wanne katika kila dozi milioni moja. Tarehe 7 Aprili wakuu wa dawa wa Ulaya wakatamka kwamba madhara hayo yaandikwe rasmi kuwa ni madhara ya nadra sana ya chanjo hiyo, na siku hiyo hiyo Uingereza ikashauri kwamba vijana wasiotimiza miaka 30 wapewe chanjo nyingine iwapo ipo.

Zingatieni maneno hayo: iwapo ipo. Denmark ilikuwa na chanjo nyingine ghalani. Nchi iliyokuwa na shehena moja tu, huku ugonjwa ukiwa mlangoni, ilikuwa na hesabu nyingine ya kufanya. Rwanda haikusimama, na kabla ya Machi kwisha watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamekwisha kupata sindano ya kwanza. Jirani zetu wa Kongo, waliokuwa wamepokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 Machi, waliahirisha kuanza mpaka tarehe 19 Aprili. Kufikia hapo muda wa chanjo kutumika ulikuwa ukiyoyoma, na ikabidi dozi zipatazo milioni 1.3 zitolewe zikagawiwe nchi nyingine. Hatusemi haya kwa kumcheka jirani, maana kusita mbele ya habari ya hatari si dhambi. Twasema tu kwamba hata kungoja kuna gharama yake, na kwamba serikali mbili zaweza kutoa mashauri mawili yanayopingana bila hata moja kuwa inadanganya.

Lipo jambo hapa ambalo askari angepaswa kulifahamu upesi kuliko raia. Kamanda akiwapa njia ya doria asubuhi, kisha doria ya kwanza ikarejea na habari kwamba njiani kuna bomu lililofukiwa, atabadili njia. Hakuna askari atakayesema kwamba kamanda alimdanganya asubuhi. Lakini serikali ikibadili ushauri wake juu ya chanjo kwa sababu taarifa zimeingia, watu wazima na akili zao husema, “Mnaona? Hawajui wanalofanya.” Ushauri usiobadilika kamwe ndio wa kutiliwa shaka, kwa kuwa pengine hakuna anayepokea taarifa, au zikija hutupwa kapuni.

Historia ya taarifa hizi ina askari ndani yake kwa muda mrefu. Mnamo Februari 1976, katika kambi ya Fort Dix huko Marekani, kuruta mmoja aliyekuwa mgonjwa alijikaza akaenda na wenzake katika matembezi marefu ya mazoezi, akaanguka, akafa. Ilipopimwa, ikaonekana kwamba ana kirusi cha mafua ya nguruwe. Askari wapatao 230 wa kambi hiyo walikuwa wameambukizwa. Serikali ya Marekani, ikihofia maradhi kama yale ya mwaka 1918, iliamua kumchanja kila raia, na sindano zikaanza Oktoba 1976.

Siku chache tu baadaye wazee watatu walikufa katika mji wa Pittsburgh, wote wakiwa wamechanjwa muda mfupi kabla. Magazeti yakapiga kelele, na baadhi ya majimbo yakasimamisha kazi. Uchunguzi ulipofanywa haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Walikuwa wazee wenye maradhi ya moyo, na ukichanja wazee maelfu kwa maelfu katika wiki moja, baadhi yao watakufa wiki hiyo, kama ambavyo wangekufa bila sindano yoyote. Jambo lililotokea baada ya chanjo si lazima liwe limetokea kwa sababu ya chanjo.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, wakubwa wangejipongeza kwa kuwapuuza walalamikaji. Haikuishia hapo. Kuelekea mwisho wa mwaka zikaanza kuja taarifa nyingine, za watu waliolegea miguu na mikono kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, ambao humpoozesha mtu. Zilipohesabiwa ilionekana kwamba safari hii wagonjwa walikuwa wengi kuliko kawaida, kiasi cha mtu mmoja wa ziada katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Tarehe 16 Desemba kazi ikasimamishwa, baada ya watu zaidi ya milioni 40 kuchanjwa. Nao ugonjwa wenyewe haukutoka kabisa nje ya kambi ya Fort Dix. Hatari iliyochukuliwa kwa ajili ya adui ambaye hakuja, hata iwe ndogo, ni kubwa mno.

Basi utaratibu ule ule wa taarifa uliotoa kengele ya uongo mwezi Oktoba ndio uliotoa kengele ya kweli mwezi Desemba. Aliyeandika taarifa ya mzee wa Pittsburgh na aliyeandika taarifa ya mgonjwa aliyepooza walifanya kazi moja, na wote wawili walifanya vyema. Kupambanua lipi ni lipi ni kazi ya wale wanaoziona taarifa zote kwa pamoja. Mlinzi wa lindo akisikia majani yakitikisika hupaza sauti, na hakuna anayemwadhibu ikionekana kuwa ni mbuzi.

Na tusidhani kwamba jeshi halina la kuchangia. Kati ya Januari na Aprili 2021 madaktari wa jeshi la Marekani waliwaona wanaume 23, karibu wote wakiwa askari walio kazini, wenye afya na nguvu zote, waliokuja na maumivu makali ya kifua katika muda wa siku nne baada ya kuchanjwa chanjo za aina ya Pfizer na Moderna. Wengi wao walikuwa wamepata sindano ya pili. Ilikuwa ni uvimbe wa misuli ya moyo. Dozi zaidi ya milioni 2.8 zilikuwa zimetolewa na jeshi hilo, kwa hiyo wagonjwa 23 wangeweza kupotea ndani yake kama punje katika gunia la mchele. Hawakupotea, kwa sababu walisema kifua kinauma na daktari akaandika. Taarifa zao pamoja na zile za Israeli ndizo zilizoufahamisha ulimwengu kwamba hatari hiyo, ingawa ni nadra, iko zaidi kwa vijana wa kiume. Mwaka huo huo Singapore ikawashauri vijana wake wajiepushe na mazoezi mazito kwa muda baada ya sindano.

Hebu sasa tutazame kambini kwetu. Iko kasumba ya zamani, na haiko Rwanda peke yake, kwamba askari anayelalamikia sindano ni mlegevu, na dawa yake ni kukimbizwa mbio. Kijana mwenye maumivu ya kifua siku ya tatu baada ya chanjo, akijua kwamba atachekwa na kikosi kizima, atanyamaza na kwenda mbio za asubuhi pamoja na wenzake. Kwa maoni yetu mkuu wa kikosi anayeilea kasumba hiyo anajipofusha mwenyewe. Tena anawapa nguvu wazushi, maana jambo lisilosemwa kwa daktari halipotei. Linasemwa bwenini usiku, linaongezwa chumvi, na kesho yake kikosi kizima kinaikataa sindano.

Aidha, si kila dhara linatoka katika chanjo yenyewe. Mwezi Mei 2017, katika kijiji kimoja cha Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto wadogo 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Wachunguzi walikuta kwamba bomba moja la sindano lilitumiwa kwa siku zote nne za kazi, kwamba chanjo haikuhifadhiwa katika baridi, na kwamba waliochoma hawakuwa na mafunzo. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Waliouawa ni wale wale iliyokuja kuwaokoa, na kama taarifa isingetolewa, bomba lile lingeendelea kwenda kijiji cha pili.

Je, askari aseme nini, na kwa nani? Bega kuuma, homa ya siku moja au mbili, kichwa na uchovu, hayo ni mwili kujifunza kupambana, na kwa kawaida hupita yenyewe. Ataje hata hivyo akiulizwa. Lakini midomo kuvimba, pumzi kubana au ngozi kuvimba ghafla ni mambo ya dakika zile zile za kwanza, na ndiyo maana mtu huambiwa akae robo saa pale pale alipochomwa badala ya kukimbilia lindoni. Maumivu ya kifua, kichwa kinachouma vikali siku kadhaa baadaye, mguu kuvimba, au viungo kulegea, hayo hayangoji kesho. Aende kwa mganga wa kikosi, au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali, iwe ni ile ya jeshi ya Kanombe au nyingine, na aseme wazi kwamba alichanjwa na siku gani. Kutoka hapo taarifa hupelekwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ambayo kazi yake ni kuzipokea na kuzipima pamoja na wataalamu wa afya.

Yako pia ya kusemwa kabla ya sindano. Askari anayekwenda kulinda amani nchi za nje huchanjwa homa ya manjano, na tangu Julai 2016 cheti cha sindano moja kinatosha kwa maisha yake yote. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, nayo hutengenezwa kwa mayai ya kuku. Mtu ambaye yai humletea madhara makali, au ambaye kinga ya mwili wake imepungua kwa maradhi au dawa, yampasa amwambie daktari faraghani, naye daktari yampasa kuitunza siri hiyo hata mbele ya mwenye cheo.

Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa hapa nchini, tulikuwa na chanjo ambayo ilikuwa bado katika majaribio. Sindano zilianza tarehe 6 Oktoba, na waliotangulia kunyoosha mkono walikuwa watumishi wa afya, ambao ndio walioshambuliwa zaidi na maradhi hayo. Walikubali wakijua kwamba inajaribiwa, na kwamba watafuatiliwa waseme kila wanachokisikia mwilini. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, baada ya wagonjwa 66 na vifo 15.

Kadi ya chanjo inayotolewa huandikwa jina la chanjo, tarehe, na mara nyingi namba ya shehena ilikotoka ile chupa. Namba hiyo ndogo, ambayo wengi hawaitazami, ndiyo inayowezesha chupa nyingine za shehena hiyo kutafutwa na kufungiwa siku hiyo hiyo katika wilaya zote, iwapo kosa litaonekana. Kadi na iwekwe pamoja na kitambulisho, siyo chini ya godoro.